Turbo Yangu na Lori la Miwa

Nimepitwa na lori la miwa. Halikunikuta nimeegesha; mimi ndiye niliyekuwa nalipita. Gia ya tatu, mafuta nimekanyaga hadi mwisho, tumeshaiacha Mang'ula tunaelekea Kidatu. Nusu ya lori nimeshaimaliza. Mshale wa mizunguko unagusa 4,500, turbo ndiyo kwanza inaanza kuvuta, Forester yangu ikasema pa! pa-pa! pa! ikakata nguvu. Nikabaki ubavuni mwa lori, mbele siendi, nyuma sirudi. Utingo alikuwa kakaa juu ya shehena anamenya muwa kwa meno. Akanitazama weee, akatema kapi, akapaza sauti: "Mzee, toa handibreki!"

Pembeni yangu alikaa shemeji, mtu niliyemhubiria turbo tangu Pasaka. Akauliza kwa adabu zote, "Shemeji, ndiyo hii?"

Gari linalomisi kwenye resi kubwa lina unafiki mmoja: mbele ya fundi halimisi. Fundi wa kwanza pale Ifakara aliliweka chini ya mwembe, akapiga resi mpaka kuku wakahama. Injini ikaimba. "Gari zima hili, bosi." Nikamwambia tutoke nalo barabarani, akasema ana kazi nyingi. Lakini chini ya mwembe injini haina mzigo, na bila mzigo turbo haijazi presha ya maana. Ni sawa na kumpima mgonjwa wa moyo akiwa amelala.

Hebu nieleze, maana jambo hili linanifurahisha hata linaponiaibisha. Kwenye ncha ya plagi kuna gepu dogo, na cheche lazima iliruke. Hewa haipitishi umeme kwa hiari. Inataka volti kwa maelfu. Ukiishindilia hewa hiyo hiyo, inadai volti nyingi zaidi. Mjerumani Friedrich Paschen alilionyesha mwaka 1889: kwa umeme unaotaka kuruka, kuongeza presha ni kama kulipanua gepu. Sasa kazi yote ya turbo ni kushindilia hewa, na mimi, kwa hela yangu mwenyewe, nimeipandisha kutoka bar 0.9 hadi 1.2. Pistoni nayo inaishindilia tena. Hapo hapo koili inanyimwa muda. Koili hujazwa umeme kwanza, kisha umeme ule hukatwa ghafla, na kule kukatwa ndiko kunakozaa volti elfu ishirini, thelathini, hata zaidi. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda inataka cheche mara 50 kwa sekunde. Yaani kujaza na kukata, vyote ndani ya sekunde 0.02! Gepu linapodai zaidi ndipo koili inapokuwa na haraka zaidi. Volti zikishindwa kuruka zinatafuta mlango wa uani: ufa kwenye kauri ya plagi, au tundu kwenye mpira wa koili. Petroli isiyoungua inakwenda zake kwenye bomba la moshi, inalipukia huko, na utingo anasikia.

Fundi wa pili alikuwa na mashine ya kupima. Ikasoma P0300, maana yake silinda zinamisi ovyo, haijulikani ipi. Yeye akaielewa kuwa tubadilishe kila kitu. Koili zote nne, mpya. Pampu ya mafuta, mpya. Nozeli zikaoshwa. Pa-pa-pa.

Plagi hazikuguswa, kwa kuwa eti ni mpya, na kwa kuwa injini ya Subaru imelala ubavu kwa ubavu: kuzifikia utoe betri upande huu na boksi la ea klina upande ule. Aliyezitoa ni fundi pikipiki wa Kibaoni. Akachomeka fila geji kwenye gepu, akacheka kidogo. Milimita 1.1. Injini yangu inataka 0.7 hadi 0.8, na kwa presha niliyoiongeza hata hiyo ni nyingi. Akaigeuza plagi juani. Ncha iliyotakiwa kuwa iridiamu nyembamba iliyochomelewa ilikuwa chuma kimechongwa. Kauri ya moja ilikuwa na mstari mweusi kutoka juu hadi chini, njia ya umeme uliotoroka.

Boksi la plagi limeandikwa orijino. Bei niliyolipa ni ya orijino. Niliporudi dukani nikaambiwa, "Mbona wenzako hawalalamiki, bosi?" Risiti sikupewa.

Hapo ndipo mzaha unaponiishia. Turbo ni anasa yangu, nikipitwa na lori ni shauri langu. Ila pedi za breki kwenye rafu ile ile zinafungwa kwenye Noah na Hiace zinazobeba watu bondeni kote, na abiria hana fila geji. Sheria ya Alama za Bidhaa tunayo tangu 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo msimamizi wake. Tume, lami ya Kidatu hadi Ifakara imeshawekwa, njooni.

Plagi sahihi zilitoka Dar kwa basi, tukaziweka gepu la 0.6. Sasa inavuta hadi 6,500 bila kukohoa. Hela ya zile feki sijarudishiwa. Wewe unayekwenda kununua plagi kesho, beba fila geji mfukoni, na uzipime pale pale kaunta, kabla hujatoa hela.