Vituko Sita vya 61,741,120

Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022 tulihesabiwa Tanzania nzima, na jibu likaja: watu 61,741,120. Wengine waliishia kuuliza mkoa gani umezaa sana. Sisi wa Makoko, Musoma, ambao habari za sangara zikiisha jioni hatuna pa kwenda, tuliichukua namba yenyewe tukaiparua kama sato. Msimamo wa ligi ni huu, kuanzia mkiani. Ukibisha, kikokotoo unacho kwenye simu.

6. Matamshi. Milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini. Shule ya lugha, wanakofundishwa Kiswahili wageni, iko hapahapa Makoko. "Karibu" wanaiweza siku ya kwanza. Wape hii siku ya pili uone jasho.

5. Mshikaki. Jumla ya tarakimu zake ni 22, na 22 kwa 3 haikubali. Tukijipakia watatu watatu kwenye bodaboda, dereva akiwemo, zinajaa 20,580,373 na mtu mmoja anatembea kwa miguu. Hukumu: huyo ndiye pekee asiyevunja sheria.

4. Mpira. Gawa kwa 11: timu 5,612,829, kabaki mmoja. Refa! Tunaye mmoja tu, ndiyo maana matusi yote ni yake. Halafu timu zenyewe ni witiri, kwa hiyo moja inakosa mpinzani na kuondoka na pointi za mezani. Ni ipi? Simba na Yanga, tulieni kwanza.

3. Ukoo. Ukiichambua hadi namba tasa unakuta 2 mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641. Hao wa mwanzo ni majirani tu. Huyo 641 ana jina mjini: mwanahisabati Fermat aliamini 4,294,967,297 ni namba tasa, na mwaka 1732 mwanahisabati mwenzake Euler akaonyesha kwamba 641 inaigawa bila baki. Mvunja heshima wa wakubwa kajificha kwenye sensa yetu.

2. Kichwa na mkia. Tarakimu nne za mwanzo ni 6174, namba ya Kaprekar, mwalimu wa shule kule Devlali, India, aliyeigundua mwaka 1949. Chukua tarakimu nne, mradi zote zisiwe sawa, zipange kutoka kubwa hadi ndogo, toa mpangilio wa kinyume, rudia. Utaangukia 6174 na hutoki tena. Sasa chukua mkia wa namba yetu, 1120: 2110 − 0112 = 1998; 9981 − 1899 = 8082; 8820 − 0288 = 8532; 8532 − 2358 = 6174. Mkia umekula kichwa! Bahati tu, najua. Niacheni nifurahi.

1. Butiama. Hapa naiba kura, maana si ya sensa, ila Kaprekar ndiye kanileta. Mwalimu Nyerere alizaliwa hapo Butiama 1922: 9221 − 1229 = 7992. Alifariki 1999: 9991 − 1999 = 7992. Kuzaliwa na kufa vinakutana hatua ya kwanza kabisa, kisha vinaongozana hadi 6174. Mama mmoja muuza sato pale mwaloni hakubali. Yeye nafasi ya kwanza anaipa 1961, kwa kuwa Uhuru unachukua hatua saba, na hakuna namba inayochukua zaidi.

Wewe je, mwaka wako wa kuzaliwa? Ukipita hatua saba, rudi, umekosea kutoa.