Ukizima Umeumia

Alfajiri gari langu halina neno. Navuta choki, napiga stata, linawaka kwa adabu zote, na shahidi ni jogoo peke yake. Vituko vyake huvianza jua likishapanda: nimetoka Mbagala mpaka Kariakoo kwa foleni, nimezima dakika kumi ninunue mchele. Nikirudi, stata inalia weee, injini kimya.

Hapo ndipo mabingwa wa barabarani hujitokeza. Bodaboda: "Mzee, betri hiyo." Betri gani, wakati injini inazunguka kama cherehani? Muuza maji: "Inachemsha hiyo, tia maji." Rejeta imetulia, mshale wa joto uko katikati. Konda wa daladala niliyoizibia njia hana uchunguzi wowote. Yeye ana matusi tu.

Kuchemka kupo, ila kinachochemka ni petroli. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kati ya nyuzi 30 na 40, joto ambalo binadamu analo mwilini bila hata kuumwa. Gari likitembea, upepo wa feni na mafuta mapya yanayopita hupooza mambo. Ukizima, feni inasimama, maji hayazunguki, joto lote la injini linapanda juu, na aliyekaa juu ni kabureta. Petroli iliyomo kwenye bakuli lake inachemka na kumwagikia ndani, injini inazidiwa. Au mvuke unajaa kwenye bomba, pampu inabaki kusukuma hewa.

Hayo ni maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake. Ukisikia harufu kali, ukafungua plagi ukazikuta zimelowa, limezidiwa: kanyaga pedeli ya mafuta mpaka mwisho, ishikilie hapo, piga stata. Usiipige-pige, maana kila pigo linaongeza petroli. Choki usiiguse kabisa. Plagi zikiwa kavu, ni mvuke: funika pampu na bomba kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, usubiri. Ila kwanza hakikisha cheche ipo, kwa sababu koili nayo ikipata moto huweza kugoma, lawama akapewa kabureta.

Nilimweleza fundi yote hayo. Akaitikia "sawa mzee", akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akapokea hela. Gari likazidi kugoma. Niliporudi nikaona juu ya meza yake kile kipande cheusi kinene kinachokaa chini ya kabureta kuzuia joto la injini lisipande. "Hicho hakina kazi, mzee, nilikitoa." Hakina kazi! Kumbe kiwandani walikuwa wanapamba?

Kimerudishwa, nafuu ipo, lakini saa nane mchana ugonjwa bado unanitembelea. Basi siendi tena mahali kwa dakika kumi. Ama nasalimia dirishani injini ikiunguruma, ama nazima na kukaa saa nzima. Mama mkwe anajisifu kwa majirani kwamba mkwewe ana mapenzi, akija hana haraka ya kuondoka. Shemeji yangu ndiye aliyeng'amua siri. Siku hizi nikiegesha tu, kabla hata sijabisha hodi, yeye huwa ameshafungua boneti ili lipoe upesi, wali usije ukaiva ningali nipo.