Uzi wa Shaba Kwenye Jeti

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakitangaza bei kikomo za mafuta, mimi huzima redio. Habari njema hazitokei huko. Petroli ikishashuka bandarini Dar es Salaam, hadi itufikie huku mwisho wa reli imeshajipandishia nauli yake. Na pikipiki yangu, ambayo kazi yake ni kunitoa Ujiji kunipeleka Kigoma mjini na kunirudisha, ilikuwa inakunywa kama mtu anayefuturu.

Nikaipeleka kwa fundi, chini ya mwembe. Kijana huyu namjua tangu anacheza gololi, ananiita baba mdogo, kwa hiyo hata akinidanganya hunidanganya kwa adabu.

"Baba mdogo, mafuta yanaizidi hewa. Kabureta hii ya watu wa pwani, hewa yao nzito. Sisi huku tuko juu."

Tuko juu! Miaka yote nimejua tunaishi shimoni, milima huku na milima kule, ziwa katikati. Kumbe uso wa Tanganyika uko mita 773 juu ya bahari, na hewa huku kweli ni nyepesi kidogo. Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba kijana alikuwa sahihi.

Basi akachuna waya wa chaja ya simu, akachomoa uzi mmoja wa shaba mwembamba kama unywele, akaupenyeza kwenye tundu la jeti na kuukunja ncha. Dakika kumi, shilingi elfu tano. Mafuta yapite kidogo, hewa ijazie.

Wiki ya kwanza nilitamba. Mafuta yaliyokuwa yakiisha Alhamisi yalifika Jumamosi, na kwenye baraza la bao sikuacha mtu apumzike.

Wiki ya pili, nikipanda kuelekea Mwanga, injini ikaanza kumisi. Inakohoa, inasita, sailensa inapiga baruti, kuku wa watu wanatawanyika. Nikafungua plagi. Plagi yenye afya huwa na rangi ya kahawia. Yangu ilikuwa nyeupe kama imepakwa chokaa. Mwenye akili angerudi kwa fundi siku hiyo hiyo. Mimi nikapiga hesabu ya lita nilizookoa, nikairudishia plagi.

Siku ya tatu pistoni ikatoboka. Stanley aliingia Ujiji kwa miguu mwaka 1871 na dunia nzima ikasimuliwa. Mimi niliingia kwa miguu nikisukuma chuma, tangi nusu, na kila niliyepishana naye akaniuliza, "Mzee, umeishiwa mafuta?"

Ndipo nikasoma, kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kutoa elfu tano. Gramu moja ya petroli huhitaji gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Ukizidisha hewa unaokoa mafuta, ni kweli, lakini mchanganyiko mwepesi ni mgumu kuwaka na huungua polepole, hata moto mwingine humalizikia kwenye sailensa. Halafu ile petroli ya ziada niliyokuwa nailalamikia, kumbe ndiyo iliyokuwa ikiipooza injini.

Honda waliliweza jambo hili kwenye Civic ya miaka ya 1970. Kila silinda waliipa kijichumba kidogo chenye mchanganyiko mzito: plagi inawasha humo kwanza, ndimi za moto zinarukia chumba kikubwa chenye mchanganyiko mwepesi. Toyota nao mwaka 1984 wakatoa Carina yenye kifaa cha kunusa moshi unaotoka, ili mafuta yapimwe sawasawa. Mainjinia wa kampuni nzima, miaka ya majaribio. Mimi nilikuwa na uzi wa chaja.

Nilipomfuata kijana kwa hasira, aliinua pistoni akachungulia mwembe kupitia lile tundu. "Sasa baba mdogo, mafuta ilipunguza au haikupunguza?"

Ilipunguza. Sikuwa na jibu lingine, na soda nikamnunulia mimi.

Uzi ameshautoa, jeti iko wazi kama ilivyotoka kiwandani, injini imelala kwenye gunia. Inayotakiwa ni pistoni ya 125 na ringi zake. Mwenye nazo, awe Mwanga, Gungu au Kibirizi, anifikishie habari kabla ya Jumatano.