Stroberi ya Limuru, Tumbo la Ukunda

Siku hizi nyumbani kwangu juisi haitoshi. Juisi imekuwa ya matanga na ya wageni waliokuja kuposa. Vijana wataka smuthi, tena si ya embe wala ya parachichi. Wataka ya beri: stroberi, bluberi, rasberi, matunda ambayo nyanya yangu alizaliwa, akaolewa, akalea wajukuu, akarudi kwa Mola wake bila kuyaonja hata moja. Na miwa alikuwa akiimenya kwa meno.

Aliyetuletea habari hii ni mpwa wangu, asomaye chuo Mombasa na kurudi Ukunda mwisho wa wiki na fuko la nguo za kufuliwa. "Mjomba, smuthi ya beri yasafisha damu." Nikamuuliza damu yangu imechafuliwa na nini. Akanitazama tumbo, akarudi kwenye simu yake.

Basi nikatumwa, maana siku hizi mwenye nyumba ndiye mtumwa wa sokoni. Soko la Ukunda lina kila kitu mtu mwenye akili anachohitaji. Yapo mananasi, mapasheni, mastafeli yaliyolainika hadi yanakuomba uyabebe, mapera, ndizi kisukari, na ndimu za kutupia. Nilipotaja stroberi, mama muuza matunda akanitazama kwa huruma. "Baba, hizo hazikai hapa. Nenda huko Diani kwenye maduka ya friji." Nikapanda tuktuk.

Huko nikazikuta. Zimelala kwenye kijisanduku cha plastiki, zimefunikwa utando mwembamba, zinapulizwa ubaridi taratibu. Mimi niliwahi kulazwa hospitali na sikupata hali ya hewa nzuri namna ile. Bei yake sitaitaja, kwa sababu mke wangu husoma safu hii. Niseme tu kwamba kwa pesa hizo ningerudi na gunia la madafu, na mtu wa kunipasulia.

Usiniambie ni ulafi wa mwenye duka. Fikiria safari ya tunda lenyewe. Stroberi hupenda baridi, kwa hiyo hulimwa huko Limuru na kwingine nyanda za juu, kwenye umande na makoti. Kutoka huko iteremke hadi Mombasa, kilomita mia tano na vijisenti, ndipo ivuke kuja kwetu, ama kwa feri ya Likoni ama kwa kuzungukia barabara ya Dongo Kundu. Na ni tunda lisilo na subira. Embe waweza kulivundika. Ndizi waivundika, ukaisahau, ukaja kuikuta imeiva na harufu yake nyumba nzima. Stroberi ikishachumwa haiivi tena, inangoja kuoza tu. Ukiiosha mapema inaota ukungu. Ukiiweka nje katika joto letu hili, kabla hujamaliza kutoa chenji imekwisha toa maji. Bluberi ndiyo usiseme. Kampuni ya Kakuzi inazilima kule Makuyu, Murang'a, na nyingi zinaabiri ndege kwenda ng'ambo. Tunda la kwetu lina viza, mimi sina.

Nikarudi na kisanduku changu nimekipakata kama mtoto mchanga. Mpwa wangu akatoa maagizo: tutie maziwa lala, ndizi kisukari, asali, kisha stroberi. Nami nikaongeza elimu yangu, kwamba kitu cha majimaji hutangulia chini, kwenye visu, la sivyo blenda itazunguka hewa tupu huku matunda yamekaa juu yanatazama. Tukapanga kila kitu mezani karibu na dirisha. Kisha mpwa akaenda kutafuta mwanga mzuri wa kupigia picha.

Wakaao upande huu wanajua kilichofuata. Watalii wakija Diani humsifu mbega, na mbega anastahili. Tangu 1997 kuna shirika la Colobus Conservation linalomtetea, na juu ya barabara ya Diani ametundikiwa ngazi za kamba avukie asigongwe na magari. Mbega ni muungwana. Hula majani yake, hana haja na jiko la mtu. Lakini kuna kima. Kima hana ustaarabu, na dirisha lisilo na wavu kwake ni mlango. Niligeuka kuchukua kisu, niliporudi alikuwa ameketi juu ya meza yangu. Tukatazamana. Akanyoosha mkono, akapita juu ya kisanduku cha bei ile nisiyoitaja, akachukua chane nzima ya ndizi, akaondoka bila haraka.

Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nilichukizwa. Si kwa ndizi, bali kwa kudharauliwa ununuzi wangu.

Baadaye nikasoma kidogo, nikaona kima yule ni msomi. Kwa wataalamu wa mimea, beri ni tunda linalotokana na ovari moja ya ua moja, lenye nyama na mbegu ndani yake. Kwa kipimo hicho ndizi ni beri. Papai ni beri, pera ni beri, nyanya ni beri, hata biringanya, ambayo hakuna aliyewahi kuitilia asali. Stroberi si beri! Ile nyama nyekundu ni kikalio cha ua kilichovimba, na vile vidoa vya juu ndivyo matunda yenyewe. Rasberi nayo si beri, ni vijitunda vingi vilivyogandana. Nikamsomea mpwa wangu yote haya, polepole, kwa sauti ya khatibu. "Mjomba," akasema, "hakuna mtu atakayeweka picha ya papai."

Tukaanza bila ndizi. Blenda ikaunguruma, stroberi zikaruka, rangi ikaanza kuja, na stima ikapotea. Ukunda stima haiagi. Tukabaki na chupa yenye maziwa juu, vipande chini, na katikati kitu ambacho hakina jina. Mpwa akashauri tungoje. Nikamweleza kwamba tunda hili halijui kungoja, nishasema.

Wakati huo mke wangu alikuwa uani na shughuli zake. Asubuhi watoto walipita wakiuza zambarau kwa kikombe, akanunua beseni, kwa bei ambayo yaweza kutajwa hadharani. Alikwisha ziosha, akaziponda kwa mkono, sasa anazisugulia kwenye chujio kwa mwiko, kokwa zinabaki juu, rojo linashuka bakulini. Hakuna kamba ya umeme. Akatia sukari na chumvi kidogo ya kukata ule ukakasi unaofunga ulimi, kisha maziwa lala, akapiga kwa mchapo. Barafu zilikuwa bado hazijayeyuka kwenye friji. Akamwaga humo na stroberi zangu zilizosagika nusu, bila kuniomba ruhusa.

"Faida ya bluberi iko kwenye rangi, mkaza mjomba," mpwa alikuwa akimweleza. "Ile rangi ya zambarau."

Mke wangu akamtazama. Akamjazia bilauri. "Kunywa."

Na kwa kweli ile rangi inayosifiwa kwenye bluberi, wenye maabara huiita anthosianini, imejaa tele kwenye ganda la zambarau. Ushahidi ni ulimi wa mtoto yeyote wa Kwale msimu ukifika, na shati lake la shule. Tena zambarau kwa wale wataalamu wangu ni beri halali, ina vyeti vyote.

Mpwa akanywa, akanyamaza, akaongezwa. Akapiga picha nyingi sana, bilauri mkononi, mnazi nyuma, mimi nimeondolewa kwenye fremu. Akaandika chini yake kwamba ni smuthi ya beri za msituni. Msitu gani? Mzambarau uko nyuma ya karakana ya bodaboda.

Nikadhani yamekwisha. Jioni akaja tena: wiki ijayo yataka mbegu za chia, za kunyunyizia juu. Nikamwambia tukmaria zipo, zile za kwenye faluda, zikirowekwa zinavimba vilevile, na ziko duka la viungo hapo barabarani. Akasema si hizo. Chia, Mjomba. Ziko Diani.

Mwenye tuktuk sasa ananipigia mwenyewe kuniuliza natoka saa ngapi.