Duma Asiyemkamata Swala

Zawadi ya Ulaya au Marekani unashukuru kwanza, unalalamika baadaye. Mimi nimeshashukuru. Mpwa wangu anayeishi Lexington, kule Kentucky, alimpa msafiri mfuko wa diski za plastiki, nao ukafika salama hapa Bel-Air, Kampemba. Ni vyombo vya gofu ya diski. Hakuna fimbo wala kimpira: unarusha diski kutoka mbali mpaka itue kwenye kikapu cha minyororo, na aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Mchezo wenyewe sina ugomvi nao. Gofu ile nyingine, iliyoupa mtaa mzima jina hapa Lubumbashi, ni ya wakubwa. Hii wenzetu wanaichezea kwenye bustani za mji, mara nyingi bila kulipa kitu.

Ugomvi wangu ni majina. Na michoro.

Diski niliyoitoa kwanza ilikuwa na fuvu linalocheka, na jina lake Undertaker, yaani mzika maiti. Kampemba fuvu tunalijua kutoka mahali pamoja: mlango wa kabini ya umeme. Mke wangu aliliangalia mara moja tu. “Baba, hicho hakilali humu ndani.” Nikakiweka nje dirishani. Kesho yake jirani ambaye kila asubuhi huja kuomba kaa la moto alipitia ng’ambo ya avenyu, akanisalimu kwa mkono, kwa mbali, kama tuna matanga.

Ya pili inaitwa Destroyer, mharibifu. Inaharibu nini? Ni gramu mia na sabini na kitu za plastiki! Imeandikwa namba nne usoni: 12, 5, -1 na 3, nikadhani ni majibu ya maabara. Kumbe ya kwanza ni kasi, ya pili ni namna inavyoelea, na mbili za mwisho zinaeleza inavyopinda hewani kwenda huku na huku. Utaratibu huo nausifu. Laiti taxi-bus zetu nazo zingeandikwa kasi na upande zinaopendelea kupinda.

Lakini ukishajua kusoma namba, ndipo hasira inapoanza. Innova, kampuni ya California iliyoanza mwaka 1983, ina diski zenye majina ya wanyama wetu. Cheetah, ambaye ni duma, kapewa kasi ya 4. Gazelle, ambaye ni swala, kapewa 6. Mnyama anayewashinda wote duniani kwa mbio hawezi kumkamata chakula chake! Huyo duma atakufa njaa, na watoto wake pia. Naye Leopard, chui, kasi yake 6, sawa na swala. Watakimbizana mpaka jioni. Nilimwuliza mpwa wangu kwenye WhatsApp kuhusu huyo chui, akajibu kwa heshima zote: “Mjomba, hiyo ni nzuri kwa wanaojifunza.”

Wanaojifunza! Chui wa Kongo! Mwaka 1974 timu yetu ya taifa ilikwenda Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi, na kichwa cha chui kifuani mwa jezi, kikubwa, hakuna wa kukikosa. Ndiyo, Yugoslavia walitufunga 9-0, huna haja ya kunikumbusha. Na Scotland na Brazil nao wakatufunga. Basi mchoro hausaidii mguu, hilo nimekubali tangu zamani. Ndiyo maana nashangaa watu wazima wanachora joka lenye moto kwenye kitu kitakachogonga mti na kuanguka kwenye majani.

Hapa mjini jina kubwa lina kazi ya kufanya. Klabu ya mpira ya Mazembe ilianza mwaka 1939 na jina la mtakatifu, Saint-Georges, ikapitia jina la matairi ya gari, Englebert. Leo ni Tout Puissant, mwenye nguvu zote, na kwenye nembo kuna mamba aliyeshika mpira mdomoni. Ni majivuno? Ni majivuno. Lakini yana risiti: kombe la klabu bingwa Afrika 1967, tena 1968, tena 2009, tena 2010, tena 2015. Hata mashabiki wa Lupopo, mahasimu wao wa hapa mjini, ambao hawasemi zuri lolote la Kamalondo, mtaa wa Mazembe, hesabu hiyo wanaijua.

Kuna kampuni nyingine, Dynamic Discs ya Emporia, Kansas, iliyohamishia mahakama nzima kwenye plastiki: hakimu, mshukiwa, shahidi, ushahidi, hukumu, mtoro, na mkosaji mwenyewe. Hao angalau wana mpango. Hakimu ndiye unayemrusha mwisho, karibu na kikapu, polepole, kumaliza kesi. Wasweden wa Kastaplast wana diski inayoitwa Berg, mlima, basi. Hiyo ningeiweka hata kwenye kabati la vyombo.

Halafu kuna mzee Ed Headrick, aliyebuni kikapu cha minyororo. Alifariki mwaka 2002, na majivu yake yakachanganywa kwenye plastiki, zikatengenezwa diski za ukumbusho. Alitaka mwenyewe. Hilo sijamsimulia mke wangu, na wewe usimsimulie.

Ajabu ni kwamba wachezaji wa gofu hii ya diski wanalalamika hawaheshimiwi. Wanasema umma unawaona vijana wa kuvuta bangi bustanini. Wakadai shati lenye kola kwenye mashindano makubwa. Pesa nazo zimekuja: mwaka 2021 mchezaji Paul McBeth alisaini na kampuni ya diski ya Discraft mkataba wa dola milioni 10 kwa miaka 10. Kola shingoni, milioni mfukoni, na mkononi mzika maiti anacheka. Nani atamkabidhi mtu huyo bustani ya parokia?

Ndugu msomaji, kama una mtu wako Kentucky au popote wanaporusha vitu hivi, mwombe atume ile ya mlima na ile ya hakimu. Fuvu abaki nalo. Na mfuko ukibaki na nafasi, aweke viatu. Mimi navaa namba 43.