Asifiwe Mvunja Madirisha

Kwa miaka tisa yule mama wa ghala hakunipigia simu hata mara moja. Mwaka 2012 nilimwandikia programu ya stakabadhi kwenye ghala lake la mahindi mjini Kitale. Alinilipa nusu, nusu nyingine akanilipa baada ya mavuno, akaniagizia chai ya maziwa na mandazi mawili, tukaagana. Programu ikafanya kazi. Na kitu kinachofanya kazi hakuna anayekikumbuka. Ni kama mkwe mpole, husifiwa matangani tu.

Kisha Novemba 2021, wiki ambayo malori yamepanga foleni hadi barabarani na kila mtu ana haraka, simu ikalia. "Fundi," akasema, bila hata kunijulia hali, "lile dirisha lako limekataa kufunguka."

Siwafichi, nilifurahi. Ndiyo maana nasimama leo kumsifu mtu ambaye hajawahi kusifiwa na yeyote: mvunja madirisha, yaani yale mabadiliko ya toleo yanayofanya programu iliyojengwa kwa zana za jana isielewane na zana za leo. Wafalme waliobomoa ngome wametungiwa tenzi ndefu. Huyu amebomoa zaidi, tena bila kutoka jasho, na hana hata ubeti mmoja.

Kwa asiyeandika programu nieleze kidogo. Anayejenga dirisha la kompyuta hachongi kila kitufe kwa mkono. Anachukua zana zilizokwisha tengenezwa, kama seremala anavyokwenda duka la hadiwea kununua bawaba na komeo. Anasema tu: kitufe hapa, kisanduku cha kuandikia pale, menyu juu. Mimi nilitumia zana ziitwazo GTK. Sasa fikiria hadiwea ambayo kila baada ya miaka tisa hivi inabadilisha ukubwa wa misumari, majina ya bawaba na upande ambao mlango unafungukia, na seremala akija kulalamika anakabidhiwa kwa upole kijitabu cha kumwelekeza jinsi ya kuhama. Duka gani lingine linalojali wateja wake kiasi cha kutowaacha walale?

Anayesifiwa hutajwa nasaba. GTK ilizaliwa Berkeley, California, katikati ya miaka ya 1990, mikononi mwa wanafunzi wawili, Spencer Kimball na Peter Mattis. Walikuwa wakiandika GIMP, programu ya kuhariri picha, wakachoshwa na Motif, zana za kulipia za enzi hizo, wakajitengenezea zao. Jina lenyewe lilimaanisha zana za GIMP. Toleo la 1.0 lilitoka 1998, la 2.0 likatoka 2002, la 3.0 Februari 2011, la 4.0 Desemba 2020. Na GIMP, mama mzazi, ilihamia toleo la tatu lini? Machi 2025. Miaka kumi na minne baada ya toleo hilo kutoka, wakati la nne limekwisha ota ndevu! Mtoto ametimua mbio, mama anamfuata kwa mkongojo. Mvunja madirisha hana upendeleo wa damu. Angekuwa hakimu, Kenya ingekuwa nchi nyingine. Hata alama ya kujumlisha iliyoning'inia mwishoni mwa jina la GTK hakuihurumia: iliondolewa 2019.

Angalieni pia ustadi wake. Katika toleo la pili na la tatu, karibu kila kitu ulichokiweka dirishani kilianza kikiwa kimefichwa kama bibi harusi, mpaka utoe amri ya kukifunua. Usiku mwingi wa ujana wangu niliumaliza nikikodolea macho dirisha tupu, kumbe nimesahau mstari mmoja. Toleo la nne likaamua kwamba vitu vionekane tangu kuzaliwa, na ile amri ya kufunua vyote kwa pamoja ikafutwa. Kisanduku cha kuuliza "Una uhakika?" nacho zamani kiliweza kusimamisha hesabu zote mpaka mtu ajibu. Sasa unauliza, unaendelea na shughuli zako, jibu litakufuata baadaye. Wazee wetu wangesema huo ni utovu wa adabu. Vijana wa mjini wanaishi hivyo, na hakuna aliyekufa.

Watu wa Kitale ndio wasio na haki hata kidogo ya kunung'unika. Mji wao una makao ya Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa 1956, na ndiko ilikotoka haibridi ya H611 mwaka 1964, mahindi ya Kitale yaliyochanganywa na mbegu ya Ecuador. Kila mkulima wa Trans Nzoia anaijua kanuni ya haibridi. Ukiweka akiba ya mbegu kutoka kwenye mavuno yako na kuirudisha udongoni, msimu wa pili shamba linaota kama gwaride la wanamgambo: huyu mrefu, yule mfupi, wa tatu amelala kabla ya amri. Kwa hiyo kila mwaka, mvua ikinukia, watu wanapanga foleni kununua upya. Hawasemi wameonewa. Wanasema wanapanda. Mtu anayenunua mbegu mpya kila mwaka na kuona ni ukulima, kisha akaambiwa abadilishe zana baada ya miaka tisa na kuona ni dhuluma, huyo nimshauri nini?

Watetezi wa mambo yasiyobadilika hunitajia gorogoro. Ni kweli, kopo lile la kilo mbili la mafuta ya kupikia halijawahi kutoa toleo jipya. Bibi alipimia mahindi kwalo, binti anapimia kwalo, mjukuu atapimia kwalo. Lakini hebu ligeuzeni. Magorogoro mengi ya sokoni yana kitako kilichobonyezwa kwa ndani, kidogo tu, kiasi cha ngumi ya mtoto. Kwa kuwa kopo ni lile lile, hakuna anayeligeuza. Lishikeni jambo hilo, nitalirudia.

Upande wa pili wa barabara, Bungoma, mvunja madirisha ana undugu wa zamani zaidi. Wabukusu hutahiri vijana kila mwaka wa shufwa, mwezi wa Agosti. Alfajiri kijana anapelekwa mtoni, anapakwa matope, anarudishwa uwanjani, na kuanzia hapo hakuna njia ya kurudi kuwa yule wa jana. Anaingia rika lenye jina lake. Sasa sikilizeni ajabu hii. Ubuntu, mfumo wa kompyuta ambao jina lake sisi Wabantu hatuhitaji kutafsiriwa, tangu 2008 hutoa matoleo yake ya kudumu kila mwaka wa shufwa, mwezi wa Aprili. Miezi minne kabla ya vijana, programu zinapelekwa mtoni! Zinazostahimili kisu zinapewa rika. Zisizostahimili, hakuna anayezililia.

Programu yangu ilifikishwa mtoni na toleo la 2020. Ilikuwa imeegemea kuta mbili: Python ya 2, lugha niliyoiandikia, ambayo matunzo yake yalifungwa rasmi tarehe 1 Januari mwaka huo, na PyGTK, kiungo cha kuunganisha Python hiyo na GTK ya pili, ambacho Ubuntu 20.04 haikukibeba tena. Kosa la kuipeleka huko lilikuwa langu mwenyewe. Binti wa mama alinunua kompyuta mpya, akaniuliza kwa ujumbe aweke toleo gani la Ubuntu, nami nikajibu "jipya kabisa" huku nikikata kitunguu.

Kabla sijapanda matatu nimtaje mzee mmoja wa Kanduyi, kwa haki. Yeye nilimwandikia programu ya aina hiyo hiyo, na hadi leo haijamsumbua. Siri yake ni kwamba kompyuta haijawahi kuonja intaneti, haijabadilishwa chochote, na imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya mwaka 1975. Kila kitu humo kinaelewana na kila kitu. Feni yake inakoroma kama mashine ya kusaga, na mzee anasema hiyo ni sauti ya uzima. Sijamtembelea tangu siku niliyomwekea programu. Sijui hali ya wajukuu wake, sijui mguu wake ulipona. Uthabiti umetutenganisha.

Kwenda Kitale nilipita Webuye, Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, nimebanwa kati ya kuku wawili na mwalimu mstaafu aliyetaka kujua kama kompyuta zinaweza kupata malaria. Nilifika jioni. Mama alinipokea kwa chai, safari hii mandazi manne, akaniketisha ghalani kati ya magunia, pembeni ya kipima unyevu. Ghala lake linafuata kiwango cha asilimia 13.5, ukizidi hapo, unarudi kuanika.

Nilihamia toleo la tatu, kwa sababu la nne lilikuwa bado linanukia rangi. Hasara za kwanza zilimwangukia kijana wa mizani. Yeye na herufi hawakuwahi kuelewana shuleni. Kitufe cha kuchapisha alikijua kwa picha ya printa. Toleo la tatu, lilipofika katikati ya safari yake, liliacha desturi ya kuweka picha ndani ya vitufe pamoja na maneno. Ule mstari wa kando wa kusogezea orodha nao tangu 2015 hujificha mpaka uamshwe na kipanya, kwa hiyo wakulima wote wenye majina ya kuanzia W, na huku kwetu hao ni nusu ya kaunti, walionekana wametoweka. Ningeweza kumrudishia picha yake kwa nguvu. Nilikuwa nimechoka. Kufikia Jumatano kijana alikuwa anasoma "Chapisha", "Futa" na "Tafuta" bila kusaidiwa. Sijui mradi wa elimu ya watu wazima uliofaulu kwa siku tatu.

Lakini sifa kubwa ya mvunja madirisha niliiona usiku wa pili. Mwaka 2012 nilikuwa kijana mwenye haraka, nikatia hesabu na madirisha katika mfuko mmoja: kitufe kikibonyezwa, papo hapo kinapima, kinakata, kinaandika, kinachapisha. Majina ya zana yalipobadilika ilinibidi nifumue kila kitu, mstari kwa mstari, kama mtu anayefumua sweta ili apate uzi. Huko ndani nikakutana na nafsi yangu ya zamani. Gunia likiwekwa mizanini, programu ilitoa kilo moja kwa ajili ya gunia lenyewe na kamba zake. Sawa. Kisha stakabadhi ilipoandikwa, ikiwa imekwisha sahau, ilitoa kilo moja tena. Gunia moja, likapimwa kama magunia mawili matupu. Kwa miaka tisa. Dirisha lilifunguka kila asubuhi bila kelele, kwa hiyo hakuna aliyegeuza kopo kutazama kitako.

Asubuhi nilimwambia. "Mama, kuna jambo."

Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kikombe bila kunywa. "Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi, Mama."

"Na ile ziada iliyokuwa ikibaki ghalani kila Februari? Niliyokuwa nikiitolea sadaka ya shukrani?"

"Ndiyo hiyo."

Alitazama foleni ya mikokoteni na malori kwa muda mrefu. "Ukirekebisha," akasema, "wataniuliza za nyuma zilikwenda wapi. Usiporekebisha, mimi sasa najua." Akanywa chai yake, iliyokuwa imepoa. "Rekebisha. Tutasema ni kompyuta mpya."

Mnaona? Asingekuwapo mvunja madirisha, mama huyu angebaki akimshukuru Mungu kwa kilo za watu. Na ningeligundua kosa lile siku ya kawaida, programu ikiwa nzima, angelazimika kusimama mbele ya Trans Nzoia nzima na kukiri dhambi ambayo hakuitenda. Sasa alikuwa na kisingizio safi, kilichotengenezwa California, chenye namba ya toleo. Kwa wateja wake wa miaka mingi msimu ule alipandisha bei kidogo, akasema ni soko. Mimi sikuulizwa, na malipo yangu alinipa yote, ingawa alizihesabu noti polepole kuliko nilivyozoea.

Kijana wa mizani akabonyeza "Chapisha" na stakabadhi ya kwanza ikatoka. Ilikuwa ya mzee mmoja wa upande wa Kiminini, mwenye koti la mvua na kofia ya sufu, magunia yake kumi na mawili. Aliisoma, akahesabu kwa vidole, akaisoma tena akiwa ameiinulia mlangoni penye mwanga.

"Mama, mbona safari hii imezidi?"

"Ni kompyuta mpya, mzee wangu. Ile ya zamani iliharibika."

Mzee aliikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya kofia, akaivaa kofia vizuri.

"Iliharibika lini?"

Mama akanitazama. Nikainama chini ya meza kutafuta waya.