Injini Haipigi Kura

Kwetu Sericho ukifungua boneti umefungua baraza. Haalikwi mtu, na hakosi mtu. Probox ya shemeji yangu ilichemka ikitoka Garba Tulla, ikavutwa kwa kamba na lori la mbuzi mpaka uani kwetu. Jeki haijakaa sawa, ugonjwa ukawa umeshatangazwa na watu ambao hawajagusa hata kijiti cha oili.

Mzee jirani alisema ni petroli ya chupa. Mwalimu akasema ni sensa. Mwalimu husema sensa hata redio ikikoroma. Vijana wa bodaboda walishikilia kwamba ringi za pistoni zimekwisha. Mama, akipita na maziwa, alisema gari limechoka, liachwe lipumzike. Walichokubaliana wote ni kimoja: themostati itolewe! Kidude hicho kazi yake ni kufungua njia ya maji injini ikishapata joto, na kweli kikikwama kimefungwa injini huchemka. Ila kwetu hukumu yake hutangulia kesi. Tukafungua mahali pake ili baraza liridhike. Haikuwemo. Fundi fulani wa zamani alishaitupa, bila shaka kwa kura kama hiyo hiyo.

Basi tukaanza na dalili. Oili kwenye kijiti ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia. Radieta ilitoa mapovu mara tu injini ilipowashwa, maana yake moshi wa silinda unapenya kwenye maji. Kisha tukatoa plagi. Ya kwanza na ya nne zilikuwa na masizi ya kawaida. Ya pili na ya tatu zilikuwa nyeupe, zimeoshwa na mvuke hadi zinang'aa. Plagi mbili jirani zikitoka hivyo, kwa kawaida gasketi ya hedi imeungua katikati yao. Mjadala ungeishia hapo, lakini baraza halivunjwi na ushahidi. Mwalimu alizitazama plagi zote, akatikisa kichwa, akasema, "Sensa huweza kufanya hivyo."

Kufungua hedi kunataka subira. Boliti zake hulegezwa kidogo kidogo, kuanzia pembeni kuja katikati, na wakati wa kukaza huenda kinyume. Hedi ya 1NZ-FE, injini ya Probox hii, ni ya aluminiamu, ukiiharakisha inapinda. Halafu kifuniko cha mnyororo wa taimingi kina boliti za urefu tofauti. Shemeji akachora kifuniko hicho kwenye katoni, akatoboa matundu, akachomeka kila boliti mahali pake. Tulikisifu kitendo hicho mpaka tulipokwenda kunywa chai. Tuliporudi, mbuzi alikuwa ameshakula ramani nzima kutoka kushoto, na boliti kazitema mchangani moja moja, kwa adabu kabisa. Shemeji alifungua mdomo, akakumbuka mbuzi ni wa nani, akaufunga. Mkwe hagombani na mama mkwe kwa sababu ya katoni.

Hedi iliponyanyuka, gasketi ilikuwa na mfereji mweusi kati ya silinda ya pili na ya tatu. Mkosaji mwenyewe alikuwa ndani zaidi. Njia za maji zilikuwa zimevaa ukoko mweupe, na penye ukoko aluminiamu imelika vishimo. Ni maji ya kisima. Ngamia huyanywa kwa furaha kwa ajili ya chumvi yake. Radieta huzibwa nayo polepole mpaka siku ya mlima na mzigo. Tukaweka rula ya chuma juu ya hedi, na wembe ukapita chini yake. Wembe una unene wa kama 0.1 mm, na kitabu cha injini hii kinaruhusu mpindo usiozidi 0.05 mm. Ikabidi hedi iende Isiolo mjini ikachongwe. Konda aliitoza nauli ya mtu mzima, kwa hoja kwamba imekaa kwenye kiti na haijabebwa magotini.

Iliporudi tulifunga gasketi mpya, themostati mpya, na kulenti iliyochanganywa na maji safi, mtungi wake tukaufungia ndani kwa kufuli. Kulenti ni tamu na ni sumu, na mbuzi tulikuwa tumeshamjua.

Injini ikawaka kwa jaribio la kwanza, bila moshi mweupe. Mzee akasema, "Si niliwaambia?" Mwalimu akasema, "Si niliwaambia?" Vijana nao. Shemeji alitaka kulijaribu gari peke yake, mpaka darajani na kurudi. Alipozunguka upande wa dereva alikuta milango imeshafungwa kutoka ndani na Mama amekaa mbele na kapu lake. Kumbe ada ya ushauri ilikuwa lifti ya Garba Tulla. Gari la watu watano likaondoka na madaktari tisa, na mgonjwa ndiye aliyewabeba.